Reli ya Usambara na Sharika za Mlimani na Bondeni

Utangulizi

Katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika ni desturi njema kuwakumbuka wamisionari, wachungaji, wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa waliotangulia. Majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo na katika kumbukumbu za baraza. Lakini katika historia ya Kanisa la Kilutheri kati ya Tanga na Kilimanjaro lipo jambo jingine ambalo kila kizazi kimelitaja, nalo ni reli. Wazee wamehesabu umri wao kwa kufika kwa reli, sharika zimejengwa mbele ya stesheni, na safari za sinodi na za wagonjwa zimepangwa kwa kufuata saa za treni.

Husemwa mara nyingi, hata mimbarani, kwamba Injili ilikuja Usambara kwa garimoshi. Usemi huu ni mtamu masikioni, lakini tarehe zinaukataa. Tena unaficha mambo mawili yanayopaswa kukumbukwa katika mwaka wa shukrani: watu walioibeba Injili kwa miguu kabla ya reli, na watu walioijenga reli yenyewe kwa mikono yao, wengi wao bila hiari. Sura hii inaeleza kwa ufupi jinsi reli ya Tanga ilivyojengwa, miji ya milimani iliyoihudumia, na namna sharika za bondeni zilivyozaliwa kando yake.

Injili ilitangulia reli

Mhubiri wa kwanza wa Kilutheri kufika Usambara anayejulikana kwa maandishi ni Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza. Mwaka 1848 alipanda milima hadi Vuga, makao ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai, na mwaka 1852 alirudi tena. Mfalme alimpokea kwa heshima na akaonyesha kuwa tayari kupokea walimu. Wakati huo hapakuwa na reli mahali popote katika Afrika Mashariki. Krapf alikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, akifuata njia za Washambaa wenyewe.

Walimu hao walichukua miaka mingi kufika. Mwaka 1886 iliundwa mjini Berlin misheni ya kiinjili kwa ajili ya Afrika Mashariki, ambayo kuanzia 1890 iliungana kwa karibu na kazi ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh huko Bethel, karibu na Bielefeld, na kwa sababu hiyo ikajulikana kama Misheni ya Bethel. Mwaka 1891 wamisionari vijana Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianza kazi Mlalo, katika milima ya Usambara Magharibi. Vuga ilifuata mwaka 1895. Mwaka 1896 yalifunguliwa Lutindi makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1899 kazi ikaanza Bumbuli.

Sasa tarehe hizi zilinganishwe na za reli. Mlalo ilipoanza, hakuna hata taruma moja lililokuwa limelazwa Tanga. Vuga ilipoanza, reli ilikuwa bado haijafunguliwa hadi Muheza. Treni ilifika Mombo, chini ya milima hiyo, mwaka 1905, yaani miaka 14 baada ya Mlalo. Huko Kilimanjaro tofauti ni kubwa zaidi: wamisionari wa Leipzig walianza Machame mwaka 1893, na reli ikafika Moshi mwaka 1911.

Kwa hiyo vitabu, dawa, kengele na mbao za milango ya makanisa ya kwanza vilipanda mlima juu ya vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60. Mtu aliyeubeba hadi Mlalo alipita jua la nyika, kisha akaanza kupanda mlima uliosimama kama ukuta. Wapagazi hao hawakuandikwa majina. Kama kuna chombo cha kwanza kilicholeta Injili milimani, basi ni miguu yao.

Ujenzi wa reli

Reli ya Usambara ilianza kama biashara. Mwaka 1891 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliunda kampuni ya reli, kwa matumaini makubwa ya mashamba ya kahawa yaliyokuwa yakifunguliwa katika milima ya Usambara Mashariki. Wengine waliota ndoto kubwa zaidi, kwamba reli ya Tanga ingeendelea hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1893 kazi ilianza Tanga.

Matumaini yalikuwa makubwa kuliko fedha. Kipande cha kilomita 40 kutoka Tanga hadi Muheza kilichukua miaka 3 na kufunguliwa mwaka 1896. Kampuni iliishiwa, kahawa ya Usambara Mashariki haikuleta faida iliyotazamiwa, na kazi ikasimama. Mwaka 1899 Serikali ya Kijerumani iliichukua reli hiyo. Korogwe, kilomita 84 kutoka Tanga, ilifikiwa mwaka 1902. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kuvuka nchi ya Kenya kutoka Mombasa hadi ziwani, kwa reli waliyoianza mwaka 1896 na kuifikisha huko mwaka 1901. Ndoto ya Tanga kufika ziwani iliishia hapo.

Baada ya Korogwe reli ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na hatimaye Moshi mwaka 1911, ikazinduliwa rasmi mwaka uliofuata. Urefu wake wote ulikuwa kilomita 352, na upana wake mita 1. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii hula mti kabla ya miaka mingi kupita.

Mtu akiitazama ramani ataona kwamba reli hii, ijapokuwa inaitwa ya Usambara, haikupanda Usambara. Inatoka pwani, inapita kusini ya milima ya Usambara Mashariki, inafika bonde la mto Pangani pale Korogwe, kisha inafuata miguu ya milima ya Usambara Magharibi na Upare hadi Kahe na Moshi. Sababu yake si ngumu. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto karibu mita 1,400. Kati yake ni genge la mawe na makorongo. Huko India Waingereza walikuwa wamefikisha treni hadi Darjeeling mwaka 1881, kwa kuizungusha reli nyembamba mlimani na kuipandisha kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Serikali ya Kijerumani haikuingia gharama kama hiyo kwa ajili ya Lushoto. Reli ilikaa chini, na mlima ukaachiwa barabara, punda na vichwa vya watu.

Reli iliyopanda na waya ulioshuka

Hata hivyo, yalikuwapo majaribio mawili ya kuufikia mlima, na yote mawili yalifuata miti, si watu.

La kwanza ni reli ndogo ya Sigi. Kutoka stesheni ya Tengeni, kati ya Tanga na Muheza, ilijengwa kati ya 1904 na 1910 reli nyembamba ya upana wa sentimita 75 kuelekea Sigi, chini ya Amani, mwendo wa kilomita zipatazo 24. Kampuni ya mbao ndiyo iliyoihitaji, lakini iliihudumia pia Taasisi ya Amani, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 kwa uchunguzi wa kilimo na mimea. Mahali ambapo mlima haukuruhusu kona, treni ilipanda kwa kwenda na kurudi: ilisonga mbele hadi mwisho wa njia, ikasimama, pointi zikageuzwa, kisha ikasukumwa kinyumenyume katika kipande cha juu zaidi. Reli hiyo haikudumu. Baada ya utawala wa Kijerumani kwisha ilifungwa, na Amani ikabaki na barabara yake yenye kona nyingi na bustani yake ya miti ya kigeni.

La pili ni waya wa Mkumbara. Katika msitu wa Shume, juu ya milima ya Usambara Magharibi, ilikuwapo miti mikubwa ya miangati, ambayo Wazungu waliilinganisha na mierezi na kuitaka kwa kutengenezea penseli. Ili kuishusha, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilitengeneza njia ya waya wa chuma, yapata kilomita 9, kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara. Magogo yalining'inia katika waya huo, yakapita juu ya makorongo na kufika kwenye mabehewa. Hivyo mji uleule wa Leipzig, uliowatuma wamisionari Kilimanjaro, ulituma pia waya wa kushusha misitu ya Usambara. Historia ya Kanisa haina budi kuyataja yote mawili katika ukurasa mmoja, kwa kuwa watu wa milima waliyaona yote mawili yakija kutoka upande mmoja.

Kodi, kadi na jasho

Hapa ndipo historia ya reli inapokuwa nzito, nayo haipaswi kupitiwa haraka.

Tuta la reli halikujengwa kwa mashine. Udongo ulichimbwa kwa majembe, ukabebwa katika vikapu, na kokoto zilivunjwa kwa nyundo. Kila kilomita ilihitaji mikono mingi, na mashamba yaliyofunguliwa kando ya reli yalihitaji mikono mingi zaidi. Washambaa na Wabondei walikuwa na mashamba yao wenyewe ya mahindi na migomba, na hawakuona sababu ya kuyaacha ili wakatumike kwa mtu mwingine kwa ujira mdogo. Wazungu wengi waliuita msimamo huo uvivu. Ulikuwa ni hesabu ya mkulima anayejua kwamba mvua haimngojei.

Serikali ilitafuta njia ya kuivunja hesabu hiyo. Mwaka 1898 ilianzishwa kodi ya nyumba, na aliyekosa fedha alilazimika kuilipa kwa kazi. Kutoka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, iliweka utaratibu wa kadi. Kila mwanamume mwenye nguvu alipewa kadi, na katika kila miezi 4 alitakiwa kufanya kazi siku 30 kwa mwajiri wa Kizungu kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake angeweza kuchukuliwa kwa kazi za serikali. Utaratibu wa namna hii ndio ulioacha katika Kiswahili neno kipande, ambalo wazee wa bondeni hulitamka mpaka leo kwa sauti isiyo na furaha.

Watu wa milima hawakutosha, wakaletwa wengine. Wanyamwezi na Wasukuma walitoka mbali sana kufanya kazi ya reli na ya mashamba. Kahawa iliposhindwa, mahali pake palichukuliwa na mkonge. Mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Amerika, na mwaka 1893 ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe, yakifuata reli kama watoto wanavyomfuata mama, kwa sababu mkonge ni mzito na haubebeki mbali bila reli. Vibarua waliokuja kwa mkataba walipewa namba, wakaitwa manamba. Mtu aliyeondoka kwao akiwa na jina na ukoo alifika bondeni akahesabiwa kwa tarakimu.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Swali hili huulizwa na vijana, na wana haki ya kuuliza. Haitoshi kujibu kwamba wamisionari hawakushika mjeledi. Ni kweli kwamba Lutindi iliwalea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, kazi ya huruma ambayo wachache waliithubutu wakati ule. Lakini ni kweli pia kwamba kila sanduku la vitabu lililofika Mombo kwa treni baada ya 1905 lilipita juu ya tuta lililojengwa kwa jasho la mtu asiyeulizwa kama anataka. Kanisa lilinufaika na kazi hiyo. Mtu anayenufaika na jasho la mwingine ana deni, hata kama si yeye aliyeamuru. Deni la namna hii halilipwi kwa fedha; linaanza kulipwa kwa kusema kweli na kwa kukumbuka.

Lushoto na miji ya milimani

Kutoka Mombo Wajerumani walichonga barabara ya kilomita zipatazo 33, kupitia Soni, hadi Lushoto. Waliuita mji huo Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Hali ya hewa yake ya baridi iliwapendeza maofisa na walowezi waliochoshwa na joto na homa za pwani. Palikuwa na mpango wa kuufanya mahali pa serikali pa kupumzikia, kama Waingereza walivyofanya katika miji ya milimani huko India. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na desturi hiyo, na gavana wao alikuwa na nyumba ya mapumziko huko milimani.

Kwa mgeni, safari hii ilikuwa ya kupendeza: kushuka katika treni Mombo, kupanda kona baada ya kona, kuona maporomoko ya maji Soni, kisha kuingia katika baridi yenye harufu ya misindano. Kwa Mshambaa, mlima huo haukuwa mahali pa mapumziko bali nyumbani, na barabara ileile ilikuwa njia ya kushukia kibaruani. Ni mlima mmoja na barabara moja, lakini waliopanda na walioshuka hawakuwa na safari moja.

Pamoja na hayo, miji ya milimani ilipata faida ya kudumu. Mbegu za mboga, viazi na matunda ya nchi za baridi zilizoea udongo wa Usambara, na wakulima wenyewe wakazifanya kuwa mali yao. Kabichi, pea na plamu za Lushoto zikajulikana mbali. Vuga ikajulikana kwa kazi ya uchapaji, na maandiko yaliyochapwa kwa jina lake yakasafiri hadi sharika za mbali. Bumbuli ikajulikana kwa hospitali yake, Irente kwa watoto na wasioona, na Lushoto ikawa makao makuu ya Dayosisi.

Sharika za bondeni

Stesheni ilifanya jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga: iliwakutanisha watu. Korogwe, Mombo, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya na Same zilikuwa mahali pa kupita au vijiji vidogo. Zikawa miji ya watu wa makabila mengi. Palikuwa na Washambaa walioteremka, Wazigua na Wabondei wenyeji wa bonde, Wapare, Wanyamwezi, wafanyabiashara wa Kihindi, na Waswahili wa pwani. Ifahamike pia kwamba Uislamu ulikuwa umetangulia katika njia hii ya biashara, na misikiti ilikuwapo mijini kabla ya makanisa mengi. Upande wa Muheza na Korogwe Waanglikana nao walikuwa na kazi yao, wakitokea Magila. Kwa hiyo Mlutheri wa bondeni tangu mwanzo alijifunza kuishi na jirani wa imani nyingine, jambo ambalo ndugu yake wa Mlalo hakulazimika kujifunza mapema.

Sharika za milimani na za bondeni hazikufanana. Mlimani usharika ulikua kutokana na ukoo na kijiji. Mmisionari alijifunza Kishambaa, akahubiri kwa Kishambaa, na nyimbo zikaimbwa kwa Kishambaa. Bondeni usharika ulikua kutokana na stesheni na kambi. Mkristo alishuka akiwa na cheti chake cha ubatizo, akamkuta mwenzake kutoka mahali pengine, wakasali chini ya mti au katika chumba cha kambi, na baadaye wakaomba mwinjilisti. Waumini hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kile kile walichokitumia katika kuhesabu magunia na kuita majina ya vibarua asubuhi.

Si ajabu basi kwamba katika Misheni ya Bethel, iliyoanza kwa bidii ya Kishambaa, alitokea mtu aliyeifanya Biblia ya Kiswahili kuwa kazi ya maisha yake. Karl Roehl, aliyetumika Usambara, alitoa Agano Jipya kwa Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Alijitahidi kutumia maneno yenye asili ya Kibantu badala ya mengi ya Kiarabu, ili mtu wa bara aelewe. Wataalamu wamejadiliana sana kuhusu uamuzi huo, na tafsiri nyingine zimechukua nafasi yake katika ibada. Lakini wazee wengi waliosoma katika sharika hizi walilipata Neno kwanza kwa Kiswahili cha Roehl.

Vita, na miaka ya kusimama wenyewe

Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi, kiasi cha askari 8,000, lilishuka Tanga. Wajerumani walikuwa wachache mno, lakini reli iliwasaidia: kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliwashusha askari kutoka Moshi kwa treni, na Waingereza wakarudishwa baharini. Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Waingereza walivamia kutoka upande wa Taveta, wakaunganisha reli yao ya Voi na ile ya Tanga pale Kahe, kisha wakashuka kando ya reli. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja na kung'oa reli. Julai 1916 Tanga ilitekwa. Vita hivyo viliwachukua wanaume wengi wa milimani na bondeni kuwa wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Kazi iliyokuwa imeondolewa na reli ilirudishwa juu ya vichwa vya watu.

Baada ya vita wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika muda huo wa kati walimu na wainjilisti Waafrika ndio waliofundisha, waliobatiza pale waliporuhusiwa, waliozika na waliokusanya sadaka. Hesabu ni rahisi: usharika wowote unaotimiza miaka 100 katika muongo huu ulizaliwa katika miaka hiyo au mara baada yake. Ulizaliwa wakati ambapo Wakristo wa Usambara walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba Kanisa halikuondoka pamoja na wamisionari. Hili ndilo linalopaswa kusemwa kwa sauti katika adhimisho hili, kuliko usemi wa garimoshi.

Reli yenyewe ilitengenezwa, na mwishoni mwa mwaka 1929 ikafika Arusha. Ilipofika vita vya pili, mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa tena kazini, na safari hii Kanisa lilikuwa na uzoefu.

Mwaka 1963 na baada yake

Mwaka 1963 una mambo mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Tarehe 19 Juni mwaka huo makanisa 7 ya Kilutheri, likiwemo lile la Usambara-Digo, yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka huohuo ilikamilika reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, ambayo kwa mara ya kwanza iliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Kabla ya hapo Mlutheri wa Korogwe hakuweza kusafiri kwa treni hadi Dar es Salaam ndani ya nchi yake. Reli za wakoloni zilikuwa zimejengwa kwa kutoa mali bandarini, kila moja peke yake, na misheni nazo zilikuwa zimekaa kila moja katika eneo lake. Uhuru ulifanya viunganishwe vitu vilivyokuwa vimetenganishwa, reli na makanisa pia.

Kutoka Dayosisi hii alitokea Askofu Sebastian Kolowa, aliyeliongoza Kanisa zima kama Mkuu wa KKKT kuanzia 1976 hadi alipofariki mwaka 1992.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Mkonge, uliokuwa umefikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960, ulishuka sana kwa sababu ya kamba za nailoni na matatizo ya uzalishaji. Mizigo ya reli ikapungua, malori yakachukua nafasi yake, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Miji iliyozaliwa na stesheni ilibaki na stesheni zisizo na treni. Nyasi ziliota kati ya reli, na familia za wafanyakazi wa njia zikahama au zikabaki zikiuza matunda barabarani. Sharika ziliona washarika wakipungua, na sadaka ikapungua pamoja nao.

Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria ilirejea kati ya Dar es Salaam na Moshi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Watoto wengi walikimbilia relini kuiona kwa mara ya kwanza. Wazee waliokuwa wakiisubiri tangu ujana wao waliisikia honi yake usiku.

Hitimisho

Historia hii inafundisha mambo matatu. La kwanza, Injili haikuletwa na reli. Ililetwa na watu waliotembea, na ikalindwa na watu waliobaki. La pili, reli iliyoizaa miji ya bondeni na sharika zake ilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa, na Kanisa linalomshukuru Mungu kwa matunda yake haliwezi kuwasahau waliotoa jasho. La tatu, reli inaweza kusimama na miji ikafifia, lakini usharika hausimami kwa sababu ya stesheni.

Kwa ajili hiyo lingekuwa jambo jema kama, pamoja na orodha ya wachungaji na wazee wa kanisa, usharika ungekusanya pia majina ya wazazi na mababu waliofanya kazi katika tuta la reli, katika kambi za mkonge na katika magenge ya njia, yakaandikwa katika kitabu kimoja cha kumbukumbu. Wale wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua kila mwaka. Walihesabiwa kwa kadi na kwa namba. Inafaa katika nyumba ya Mungu waitwe kwa majina yao. Naye Bwana anayemjua kila mtu kwa jina lake apewe sifa kwa miaka 100 iliyopita, na awe mlinzi wa miaka ijayo. Amina.